Mausi Iko Mkononi mwa Nani? Mfumo wa Kazi Unapobadilika Sura

Kama umewahi kufungua mfumo wa usajili siku ya mwisho ya kusajili kozi ukakuta kila kitu kimehamishwa, basi unajua ninachotaka kuzungumzia. Jana kitufe kilikuwa kushoto, leo hakipo. Unabonyeza hovyo, jasho linakutoka, mwisho unamgeukia jirani: "Oya, wamekificha wapi?"

Kwa mwanafunzi hiyo ni kero ya nusu saa. Kazini inaweza kuwa zaidi ya hapo. Mimi nimejifunza hilo likizo iliyopita nyumbani Kyela, na gharama yake ilikuwa mifuko ya saruji na choo cha shule. Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu, ndiyo maana naandika.

Ubao wa kadi

BTP yangu iliisha mwishoni mwa Agosti. Badala ya kukaa bure hadi chuo kifunguliwe, nikaenda kujitolea kwenye shirika dogo lenye ofisi ya vyumba viwili mjini Kyela. Kazi yake ni kukarabati madawati na kujenga vyoo katika shule za msingi za vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa. Watu sita, pikipiki mbili, na programu moja ya kupangia kazi iliyokuwa kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye simu za wanaokwenda vijijini.

Kwa asiyezijua programu za namna hii: kila kazi inaandikwa kwenye kadi yake. Kadi inasema kazi ni nini, nani anaifanya, na inatakiwa kuisha lini. Kadi zote zinapangwa kwenye ubao wenye safu, mathelani "Bado", "Inaendelea" na "Imekamilika". Kazi ikisogea, kadi inavutwa kwenda safu inayofuata. Wazo lenyewe lilitoka kwenye viwanda vya Toyota huko Japani, ambako waliliita kanban, wakati huo kadi zikiwa za karatasi kweli. Trello na Asana ni programu za jamii hiyo ambazo wengi mmezisikia. Yetu ilikuwa nyingine, jina naliacha.

Mratibu wa ofisi alikuwa mzee aliyestaafu ualimu, na sote tulimwita Mwalimu. Kila asubuhi alikuwa anaweka kikombe chake cha chai pembeni, anaegemea kiti, anautazama ubao wote kwa mbali kama mtu anayeangalia mbingu kujua kama mvua itanyesha. Hakuwa anasoma. Alikuwa anatafuta nyekundu. Kadi iliyopitwa na tarehe ilikuwa inageuka nyekundu, na akiiona tu anaita mhusika: "Hili la Ipinda vipi?" Ndani ya dakika mbili alikuwa anajua hali ya ofisi nzima.

Jumatatu moja ya Septemba tukafungua kompyuta tukakuta programu ina sura mpya. Hakuna aliyetuuliza. Programu za mtandaoni ndivyo zilivyo: mwenye nayo akiibadilisha huko aliko, inabadilika pia Kyela. Ubao haukuwepo tena mbele. Badala yake palikuwa na orodha iliyoandikwa "Kazi Zangu", yaani kazi zenye jina lako tu. Ubao wa ofisi nzima ulikuwa bado upo, ila ndani, kurasa mbili mbele, nyuma ya alama ndogo pembeni.

"Mwanangu," Mwalimu akaniita, "ubao wangu umekwenda wapi?"

Nilikuwa nimesimama, simu mkono wa kushoto. Nikainama, nikachukua mausi kutoka mkononi mwake, nikabonyeza mara nne, ubao ukatokea. "Huu hapa, Mwalimu." Akasema, "Ndaga fijo." Nikarudi kwenye simu yangu nikiwa najiona mtu wa maana sana.

Kesho yake programu ikafunguka tena na orodha. Hakuniita. Siku ya tatu akaita, nikafanya vilevile, haraka zaidi. Siku ya nne nikaamua kumfanyia hisani: nikaweka filta ili hata akifika kwenye ubao aone kadi zake tu, asichanganywe na za wengine. Baada ya hapo hakuniita tena. Mimi nikahesabu kwamba ameelewa.

Hapo, mimi mwanafunzi wa ualimu, nilifanya kosa tunaloonywa tangu mwaka wa kwanza. Darasa likinyamaza, mwalimu mgeni anadhani limeelewa.

Kwa nini mjuzi ndiye anayepotea

Watu wengi wanaamini mtu akihangaika na sura mpya ya mfumo, basi ni mzito wa kuelewa, au ni umri. Mimi niliamini hivyo. Lakini ukirudi kwenye saikolojia ya elimu tunayosoma, utaona mambo yako kinyume.

Mwaka 1967 Paul Fitts na Michael Posner walieleza kwamba mtu anapojifunza ustadi hupitia hatua tatu. Kwanza anafikiria kila tendo. Kisha anaanza kuyaunganisha na makosa yanapungua. Mwisho mkono unafanya wenyewe, akili inabaki huru kushughulika na mengine. Wakala wa kutuma pesa pale stendi haangalii menyu. Kidole chake kinajua namba za kubonyeza huku yeye anaongea na mteja mwingine. Sasa badilisha mpangilio wa menyu hiyo. Anayeumia zaidi ni wakala, sio mteja anayeitumia mara moja kwa mwezi, kwa sababu mteja bado anasoma kila mstari. Wakala kidole chake kimeshafika mahali pasipokuwepo tena.

Mwalimu alikuwa hatua ya tatu. Kutazama ubao na kuona nyekundu kulikuwa ustadi uliokamilika. Sura mpya ilimrudisha hatua ya kwanza kwa siku moja, tena mbele ya vijana. Na alikuwa na kazi ya ziada ambayo mimi sikuwa nayo: kuzuia mazoea ya zamani huku akijenga mapya.

Kyela kwetu ni tambarare na kila mtu anaijua baiskeli, kwa hiyo mfano huu unanifaa. Mwaka 2015 injinia mmoja Mmarekani, Destin Sandlin, alionyesha kwenye video baiskeli iliyogeuzwa: ukikata usukani kulia, tairi linakwenda kushoto. Alijua fika jinsi inavyofanya kazi, lakini kuipanda alishindwa. Ilimchukua takriban miezi minane ya kujaribu kila siku. Mwanawe mdogo aliiweza kwa wiki mbili hivi. Na baba alipoizoea hiyo ya kinyume, akajikuta mwanzoni anashindwa kupanda ya kawaida. Kuelewa ni jambo moja, na kuwa na jambo mikononi ni jingine. Mimi nilimwonyesha Mwalimu ili aelewe, nikadhani nimemaliza.

Kuna la pili. Mwaka 1987 John Carroll na Mary Beth Rosson waliandika kuhusu jambo walilolikuta kwa watumiaji wa kompyuta: watu hawasomi maelekezo hata kama yangewaokolea muda baadaye, kwa sababu wanataka kazi ya leo iishe leo. Ndiyo maana lile dirisha dogo linalosema "Karibu kwenye sura mpya, bonyeza hapa ujifunze" sote tunalifunga. Mimi nililifunga. Mwalimu alilifunga. Kwa hiyo hakuna mtu ofisini aliyejua kwamba "Kazi Zangu" inaficha kazi za wengine.

Na msidhani hili ni tatizo la ofisi za Kyela tu. Microsoft walipotoa Windows 8 mwaka 2012 waliondoa kile kitufe cha Start kilichokuwa kona ya chini tangu 1995. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka uliofuata, kwenye Windows 8.1, kitufe kikarudi. Waliolalamika walikuwemo wataalamu wa kompyuta wenyewe.

Nyekundu isiyoonekana

Mwishoni mwa Septemba simu ikalia ofisini. Alikuwa fundi wetu wa kijiji kimoja ng'ambo ya Matema, chini ya milima ya Livingstone, ambako gari halifiki. Ukifika Matema unapakia mzigo kwenye boti au mtumbwi, unafuata ukingo wa ziwa. Alikuwa anajenga choo cha wasichana cha shule ya msingi. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa kifua.

"Saruji iko wapi? Nimekaa siku nane."

Saruji ilikuwa Matema, stoo, mifuko thelathini. Boti ndiyo haikuwa imekodiwa.

Tukarudi kwenye programu kutafuta. Kazi ya kukodi boti ilikuwemo, imeandikwa vizuri kabisa, na tarehe ilikuwa imepita. Ilikuwa nyekundu. Lakini ilikuwa na jina la dada mmoja aliyejitolea kabla yangu na kuondoka katikati ya Agosti, na hakuna aliyebadilisha jina. Kwa sura ya zamani isingeleta shida yoyote: Mwalimu angeiona asubuhi ileile ilipogeuka nyekundu. Kwa sura mpya ilikuwa kwenye orodha ya "Kazi Zangu" ya mtu ambaye hayupo. Mahali pekee pengine ilipoonekana ni ubao wa wote, na huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeuwekea filta kwenye kompyuta ya Mwalimu.

Nilikaa kimya kama dakika nzima. Kisha nikasema, "Mwalimu, hii ni mimi." Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alifungua droo, akatoa kaunta buku la zamani lenye jalada jekundu. Kabla programu haijaletwa alikuwa anaandika kila kitu humo: boti, saruji, nani kapewa nini. "Niliambiwa niliache hili," akasema, akalirudisha.

Mwenye boti alikuwa ameshachukua kazi nyingine. Saruji ilivuka katikati ya Oktoba, na nilisafiri nayo, nimekaa juu ya turubai. Tulipofungua mifuko, minne ilikuwa imeganda kwa unyevu wa stoo, migumu kama mawe. Fundi naye alikuwa amekwenda Mwaya kwenye kazi nyingine. Kwetu mvua huanza Novemba. Wasichana wa shule ile waliendelea kutumia choo cha zamani chenye gunia badala ya mlango. Mmoja alikuwa anasubiri zamu huku mwenzake amelishika gunia kwa nje. Hiyo picha nimerudi nayo chuoni.

Tulivyoanza upya

Baada ya hapo tulikaa chini na kuanza tena, safari hii kama somo lenye mpango. Nayaandika hapa kwa sababu yanafaa kwa mfumo wowote utakaobadilika sura, wa ofisi au wa chuo.

Kwanza, tulianza na kazi, tukaacha vitufe pembeni. Nilimuuliza Mwalimu: "Kwa wiki unahitaji mfumo huu ukufanyie mambo gani?" Akataja saba: kuona yaliyochelewa ya ofisi nzima, kumpa mtu kazi, kubadilisha tarehe, kusoma ripoti ya fundi, kuangalia picha kutoka kijijini, kufunga kazi, na kujua nani hana kazi. Tukayaandika kwenye karatasi ya manila. Sura mpya ilikuwa na vitu zaidi ya hamsini, yeye alihitaji saba. Mzigo ukapungua hapohapo.

Pili, tuliuliza kimefichwa nini. Hili ndilo swali ambalo watu wanalisahau. Mfumo ukibadilika, sote tunauliza "kitufe kimehamia wapi", na kitufe kilichohama utakitafuta tu kwa sababu unajua kipo. Hatari iko kwenye kile ambacho hakionekani tena na hakuna anayekikumbuka: kazi za wengine, kazi zilizopita tarehe, taarifa iliyokuwa inakuja kwa meseji na sasa haiji. Tulichukua kaunta buku, tukalinganisha na skrini mstari kwa mstari. Tukakuta kadi nyingine mbili zenye jina la yule dada.

Tatu, mausi ikabaki mkononi mwake. Mimi nilikalia viganja vyangu, kweli, kama mtoto wa chekechea. Akienda pasipo, nilisubiri. Mara ya kwanza kufika kwenye ubao wa wote alitumia dakika sita. Nilitamani kumsaidia kwenye kila moja ya dakika hizo. Siku ya pili akatumia mbili. Siku ya tatu niliingia nikamkuta ameegemea kiti, chai pembeni, anatazama. Vygotsky tunamkariri kwa ajili ya mtihani, kwamba msaada utolewe pale tu mwanafunzi anapoishia na uondolewe kadiri anavyokua. Kuukalia mkono wako ndiyo sehemu ngumu ya nadharia hiyo.

Nne, kwa mwezi mmoja tuliendesha vyote viwili, daftari na mfumo. Kila Ijumaa jioni dakika kumi za kulinganisha. Vijana wanaona ni kurudi nyuma. Lakini mtu anayehamia nyumba mpya havunji ya zamani usiku uleule.

Tano, tuliweka kanuni: mtu akiondoka, kabla hajakabidhi ufunguo wa ofisi anakabidhi kadi zake, moja moja, kwa jina la mtu mwingine. Hii haihusiani na sura ya mfumo kabisa. Sura ya zamani ilikuwa inatufichia uzembe huu kwa sababu jicho la Mwalimu lilikuwa linaufidia.

Hili litatukuta sote

Wewe unayesoma ualimu unaweza kusema mambo ya mashirika hayakuhusu. Yanakuhusu. Kwa miaka mingi watumishi wa umma nchini, walimu wakiwemo, walikuwa wanapimwa kwa OPRAS, fomu za karatasi unazojaza na kusaini na mkuu wako. Katika mwaka wa fedha 2023/24 nafasi yake ilichukuliwa na PEPMIS, mfumo wa kielektroniki ambamo mtumishi anaingiza majukumu yake, anaripoti utekelezaji, na msimamizi anapitia. Ni ndugu wa ule ubao wa kadi: kazi, mhusika, tarehe, hali. Mwaka huohuo wa 2023 ununuzi wa umma nao ulihama kutoka TANePS kwenda NeST. Ukiajiriwa, mifumo hii itakuwa sehemu ya kazi yako sawa na chaki. Na itabadilika sura ukiwa ndani yake, labda zaidi ya mara moja kabla hujastaafu.

Kabla ya kuajiriwa utakutana nayo BTP. Utakuwa umekaa ofisi ya walimu, na mwalimu aliyefundisha miaka thelathini atakuita, "Wewe kijana wa chuo, hebu njoo unisaidie hapa." Wengine watakupa mpaka nenosiri lao ili uwajazie kila kitu, na utajisikia vizuri. Lakini wewe unaondoka baada ya wiki nane. Nenosiri ni la mtu, tathmini ni ya mtu, na siku mfumo ukimhitaji saa nne usiku wewe utakuwa huku unasubiri bumu. Usilichukue. Vuta kiti, kaa upande wake, muulize anataka kufanya nini, na mausi muachie yeye.

Mimi nilirudi chuoni kabla choo hakijaisha. Wiki ya pili ya Novemba Mwalimu akanipigia. Nilidhani amekwama. Kumbe alitaka kunieleza kwamba ile programu imebadilika tena kidogo, ile alama ya ubao imehamishiwa juu, na ameshaiona. Na kwamba amemfundisha dereva wa pikipiki kuitumia kwenye simu.

"Uliishika wewe simu, au yeye?" nikamuuliza.

"Yeye," akasema. "Mimi nilikuwa nakunywa chai."

Kisha akanipa habari niliyokuwa naisubiri. Fundi amerudi, mabati yamevuka kwa boti siku moja kabla ziwa halijachafuka, na choo kimeezekwa. Milango bado. Kadi ya milango, akasema, ina jina lake.